Kufuli la Ukurasa wa Uyoga
Leokadia Wrzos aliuza tiketi za treni katika mji wa Hajnówka kwa miaka thelathini na miwili. Alipostaafu akafungua tovuti yake mwenyewe, ya uyoga. Hakutafuta sifa wala matangazo. Aliokota, akapiga picha, akaandika, na watu wakamwamini kuliko walivyowaamini jirani zao.

Mkwewe Kalina, mtu wa kompyuta, alikuwa akimsumbua mwaka wa pili sasa.

"Mama, weka kufuli kwenye tovuti yako. Muunganisho uliosimbwa, yaani wa njiani hausomi, wala hulipi kitu."

"Uyoga wangu una siri gani? Nani atauchungulia?"

"Si siri tu, Mama. Bila kufuli, mtu wa katikati anaweza kubadilisha ulichoandika kabla hakijamfikia msomaji."

"Basi huyo wa katikati hana kazi. Kula supu, inapoa."

Alikuwa mbishi, tena wa kujivunia ubishi wake.

Jumapili moja ya Septemba walikuwa wanamalizia chakula cha mchana, simu ikalia, Leokadia akaipokea kwa spika. Alikuwa mdogo wake, Zenon, aliyekwenda kupumzika kwenye milima ya Bieszczady.

"Dada! Leo nimekula kania, ule uyoga wa kofia kama mwavuli! Nimezichovya kwenye yai na chenga za mkate, nikakaanga kama kotleti. Nimefuata ukurasa wako neno kwa neno."

Leokadia akacheka. "Na pete ilisogea?"

"Pete gani? Mimi sijaoa tena."

"Acha mzaha. Pete ya kwenye shina."

"Shina la nini? Kania unakata kofia, shina unaliacha huko huko msituni. Mama si alikuwa anafanya hivyo?"

Leokadia akaacha kucheka. Wengi kwao hufanya hivyo, maana shina ni gumu, halitafuniki. Ndiyo sababu alikuwa ameandika kwa herufi nzito: usikate kofia kabla hujaishika pete, isipopanda na kushuka shinani, weka chini, huenda ni muchomor, pacha wake wa sumu, na muchomor unaua ini.

"Nisomee huo ukurasa. Sasa hivi!"

Zenon akasema yuko kwenye mtandao wa bure wa nyumba ya wageni, akasoma kwenye simu yake. "Kofia pana yenye magamba, shina refu, pete shingoni... Magodoro laini, nusu bei, wiki hii tu... Kaanga dakika nne kila upande."

"Magodoro?"

"Si tangazo lako? Nikajua dada kaanza biashara uzeeni."

Kalina alikuwa ameshasimama. "Mtandao wa pale unabandika matangazo kwenye kurasa zisizo na kufuli. Tangazo limelifunika onyo lako, Mama."

Leokadia akaivuta simu karibu. "Zenon, nenda hospitali."

"Mimi mzima bwana, tumbo limetulia."

"Ndivyo sumu ile ilivyo! Nusu siku uko mzima, halafu basi! Nenda, mjinga wee, na ubebe kilichobaki kwenye kikaango!"

Akakata simu akalia kwa sauti, kitu ambacho Kalina hakuwahi kukiona. Kalina akakaa kwenye kompyuta. Robo saa baadaye kufuli lilikuwa limewekwa. Robo saa hiyo ndiyo aliyokuwa akiikataa Leokadia mwaka wa pili sasa.

Saa kumi na moja jioni Zenon akapiga. Mtaalamu wa hospitali alikuwa amekagua mabaki: kania tupu, hakuna muchomor. Leokadia akamgeukia Kalina.

"Wangapi wamefungua ukurasa ule wiki hii?" akauliza.

"Mia tatu na kumi na wawili."

"Kwa mitandao ya wapi?"

"Hilo siwezi kulijua, Mama."

Leokadia akafungua barua za wasomaji. Kulikuwa na ya Ijumaa, kutoka kwa mwanamke asiyemjua. *Asante sana, Bibi Leokadia, jana jioni tumejaribu kania mara ya kwanza. Watoto wamependa, wakagombania kipande cha mwisho.*

Akaandika: *Watoto wanaendeleaje?* Akatuma. Akaandika tena, na tena. Hadi Jumatano hakuna aliyejibu.