Bibi kapiga hodi, mama kajibu "alale huko huko nje"

Hapana mkuu, wewe uliyeandika jana kwamba TV haina tatizo, tatizo ni mtu, mimi nakukatalia. TV imenifukuzia bibi leo hii, saa kumi na moja jioni, jua linawaka.

Habari zenu wakuu. Chumvi siongezi, mama mwenyewe ni shahidi.

Niko Singida mjini, form four nimemaliza. Tangu baba alete king'amuzi, kwetu ugali unasongwa wakati wa matangazo. Madonge tumeshazoea. Baba siku moja aliumwa jino, akasubiri matangazo ndio aseme.

Sasa leo, mimi, mama na mdogo wangu Neema tuko kwenye tamthilia yetu, ile ya kutafsiriwa. Mama mkwe mkorofi kasimama mlangoni kwa mwanae.

Tukasikia, "Hodi!"

Neema: "Mama, kaja huyo!"

Mama kwa sauti yote: "Asifunguliwe! Alale huko huko nje!"

Tukacheka. Hodi zikafika tatu, kimya.

Baada ya muda akaingia jirani yetu, mama Rehema, kashika kiuno.

"We mama Upendo, mkweo kakukosea nini?"

Upendo ni mimi. Mama akauliza, "Mkwe yupi?"

"Si mama yake baba Upendo! Yuko kwangu, anasema umeamuru alale nje."

Wakuu, bibi alikuwa katoka kijijini kwake Sepuka bila kutuambia, kaja kutusalimia na jogoo wake mkononi!

Mama alitoka mbio na kandambili moja. Kufika kapiga magoti: "Shikamoo mama. Jamani nilikuwa namwambia wa kwenye TV!"

"Marahaba. Una mkwe mwingine kwenye TV?"

Mama Rehema akageukia ukutani kucheka. Mama akahama Kiswahili, akabembeleza kwa Kinyaturu, wapi.

"Hodi tatu nimepiga," bibi akasema. "Ya nne ni ya kutafuta kung'atwa na mbwa. Nalala hapa, asubuhi napanda gari narudi kwangu."

Jogoo alishapewa mama Rehema. Harufu ya mchuzi inakuja mpaka kwetu wakati naandika hapa.

Tulicheka lakini baba aliporudi kicheko kiliisha. Hakugomba. Alienda kwa bibi, akarudi peke yake, akakaa, akasema tu, "Mama yangu hajawahi kulala kwa jirani."

TV imezimwa na hakuna aliyeambiwa azime.

Sasa sehemu ambayo nyumbani sijasema. Hodi ya pili niliijua. Ile sauti ilikuwa ya bibi kabisa, na kikohozi chake; ya kwenye TV haikohoi. Nikajisemea matangazo yakifika nitachungulia.

Ndio maana nakubishia mkuu. Mimi si mtu mbaya, bibi nampenda sana. Ila nilimweka foleni nyuma ya watu nisiowajua, wala wao hawanijui.

Wenye bibi wagumu kama wangu nipeni neno la kuanzia, mcheke lakini mnisaidie.

Mimi nimeshaamua. Kesho kabla gari la Sepuka halijaondoka naenda kwa mama Rehema, nampa bibi shikamoo yake, namwambia mama hakujua, aliyesikia ni mimi. Halafu begi lake nabeba mimi. Akisema nyumbani, twende. Akisema stendi, napanda naye mpaka Sepuka.