Mkono wa Mpiga Mihuri

Mpiga mihuri wa maabara yetu huvua pete kabla ya kunawa na kuiweka kwenye kifuniko cha chupa ileile. Muhuri wake, unaochapa dawa ya kupimia wagonjwa juu ya vioo, ni wa mpira laini kama ufizi, wenye mistari myembamba kuliko unywele. Akiukandamiza kidogo mno juu ya kioo, dawa haishiki. Akizidisha, mpira hubonyea katikati ya mistari na kugusa pasipotakiwa, nacho kipimo humwambia mgonjwa kuwa ni mzima. Ndiyo maana hubana pumzi, kisha huniuliza, "Umegusa?" Mimi huchungulia kwenye darubini na kuandika daftarini. Kwa miaka tisa nimemjibu, "Haujagusa, dada." Wiki hii uligusa kwenye vioo vitatu, nami nikaandika kwamba mpira umechoka. Leo asubuhi tulifungua muhuri mpya. Aliukandamiza, akageukia ukutani. "Umegusa?" Nilitazama mara mbili. "Labda na huu ni mbovu," nikasema.

"Usinifiche, mdogo wangu." Akanyoosha mkono juu ya kioo, na kivuli cha vidole vyake kikawa kinatetemeka. "Futa hapo ulipoandika mpira," akasema. "Andika mkono."