Wiki ya Kumi na Nne

Msimu ule bega la kulia la Veneranda Kihwele lilichomoka mara tatu, na mara zote tatu alilirudisha mwenyewe, akauma meno, akabaki golini. Alikuwa na miaka ishirini na sita, golikipa wa timu ya wanawake pale Mbeya, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuwaamrisha mabeki waliomzidi umri. Mara ya nne bega halikurudi. Akapasuliwa.

Wenzake walipokuja kumtazama hawakuamini. Walitegemea mshono mrefu. Waliona vitundu vitatu, kila kimoja hakizidi punje ya hindi.

"Yaani hii ndiyo operesheni?" mmoja aliuliza, wakacheka.

Pale hospitalini Evarista, mama wa makamo aliyesimamia mazoezi ya viungo, alimwandikia ratiba kwenye karatasi. Wiki sita mkono ufungwe shingoni. Kisha auinue taratibu, vidole vikipanda ukutani. Baada ya miezi mitatu aanze kuvuta mpira wa baiskeli uliofungwa kwenye kitasa cha mlango. Kudaka, miezi sita.

"Maumivu yataisha kabla hujapona," alimwambia. "Hapo ndipo watu wanapojiharibia. Usilisikilize bega. Sikiliza kalenda."

Veneranda alitii kama anameza dozi. Kwenye chumba chake cha kupanga Mwanjelwa alichora ukutani alama ya penseli kila Jumapili, mahali vidole vilipofika. Wiki ya tisa aliweza kushika utosi wake. Siku hiyo alikaa kitandani akalia kwa furaha.

Wiki ya kumi na nne kocha Zabron akapiga simu. Pendo, kipa wa akiba, alikuwa amefungwa mabao matano katika mechi moja.

"Njoo mazoezini uwatie moyo wenzako," alisema. "Utakaa benchi tu."

Alikuwa bado anasalimiana na watu pembeni ya uwanja Zabron alipomrushia mpira bila kumwita, juu, upande wa kulia. Mkono ulikwenda wenyewe. Akaudaka. Uwanja mzima ukashangilia.

"Umeumia?" Zabron aliuliza.

Veneranda alisubiri maumivu. Hayakuja. "Hapana, kocha."

"Sasa hapa mgonjwa nani? Miezi mitatu sisi tunafungwa, wewe umejifungia chumbani unavuta mpira wa baiskeli!"

"Kocha, hospitali wamesema miezi sita."

"Hao wa hospitali wameshawahi kukaa golini?" Akatoa simu, akaanza kumrekodi. "Waambie mashabiki. Sema umepona."

Veneranda aliwatazama wenzake. Pendo alikuwa anafunga kamba za viatu zilizokwisha kufungwa.

"Nimepona," Veneranda alisema mbele ya simu. "Jumamosi nipo."

Kilichokuja kumuuma baadaye kuliko kisu cha daktari ni kwamba alipoyasema maneno hayo alikuwa amefurahi.

Jumamosi, dakika ya thelathini, aliruka kulia akapangua shuti lililokuwa linaingia, na jukwaa likasimama kumpigia makofi. Dakika ya themanini ikapigwa kona. Aliurukia mpira, akagongwa angani, akauangukia mkono ulionyooka. Ndani ya bega alisikia kitu kikichanika kama kitenge kipya dukani.

"Inuka!" Zabron alifoka kutoka pembeni. "Inuka, nafasi za kubadilisha zimeisha!"

Akainuka. Alikaa golini dakika kumi mkono ukining'inia, na wapinzani, walipogundua, wakawa wanapiga upande huohuo. Wakafunga mawili.

Viongozi wa timu walipouliza nani alimchezesha mgonjwa, Zabron aliwatumia ile video. "Katudanganya," alisema. Jumatatu, Veneranda akiwa wodini, simu yake ikamwonyesha kwamba ameondolewa kwenye grupu la timu. Hakuna mchezaji aliyemwandikia hata pole.

Operesheni ya pili haikuwa ya vitundu. Evarista aliisoma ripoti, akaikunja.

"Nani alikuruhusu kucheza?"

"Nilisema mwenyewe, mama."

Evarista hakumbembeleza. "Golini basi tena. Sasa tunautafuta mkono wa kuvaa gauni na kubeba ndoo."

Akarudi kwa mama yake, Kihesa, Iringa. Mama alimvalisha, akamsuka, akamkatia nyama kama mtoto. Vidole vikaanza kupanda ukuta upya, kuanzia usawa wa kiuno, na safari hii hakukuwa na timu iliyomsubiri apone.

Mwezi wa tano timu ya Mbeya ikaja kucheza Iringa. Saa saba mchana bodaboda ilisimama mlangoni, akashuka Pendo, ndani ya suti mpya ya michezo. Mama alimkaribisha kwa salamu ya Kihehe, "kamwene", na chai ya maziwa. Pendo, ambaye hakuwahi kupiga simu hata siku moja, alikaa ukingoni mwa kochi, akazunguka na maneno, mwishowe akasema:

"Dada Vene, kocha anauliza kama zile glavu zako unazo bado. Maana wewe si huzitumii tena."

Veneranda alizitoa kabatini kwa mkono wa kushoto. Pendo alizivaa, akainua mikono kuzijaribu, akakunja uso.

"Nini?"

"Bega. Limeshachomoka mara mbili mazoezini, ila linarudi. La kwako lilianzaje, dada?"

Veneranda alimtazama. Angeweza kumwelekeza kwa Evarista, kumwambia asiguse mpira leo. Ilikuwa sentensi moja tu.

"Kawaida ya makipa hiyo," alisema. "Funga bandeji, kaza, cheza."

Pendo alishukuru sana, akapiga goti kumuaga mama, akaondoka na glavu kwapani.

Mama alikuwa mlangoni anachambua maharage. "Veneranda, umemwambia nini mtoto wa watu?"

Veneranda alifunga kabati.

Mechi ilikuwa saa kumi. Veneranda alikaa kwenye kochi, simu mapajani, namba ya Pendo ikiwa mbele ya macho yake. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Ilipofika saa kumi alikuwa hajapiga.