Watalii Waliposhuka Msibani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika bandari ya Musoma nikiwa nimevaa shati la kuazima. Ilikuwa miaka ile ambayo ruksa ya biashara binafsi ilikuwa imeshatoka, lakini madukani vitu bado vilikuwa vya kutafuta. Kampuni moja ya watu binafsi ilikuwa imeleta meli ndogo ya watalii ziwani, nami nikaajiriwa kuongoza matembezi ya nchi kavu. Meli ikitia nanga, niliwachukua wageni, nikawatembeza Butiama au kwenye vijiji vya wavuvi, kisha nikawarudisha kabla haijaondoka.

Meneja wa Matembezi alinipa maelekezo tukiwa tumesimama gatini. "Wageni wanakula chakula cha meli. Wasicheleweshwe. Wapate picha nzuri."

Ndivyo tulivyokuwaga tunafanya. Tulifika vijijini bila taarifa, tukapiga picha, tukaacha makopo na maboksi ya chakula ufukweni, tukaondoka.

Siku moja tulishuka kijiji kimoja upande wa Kibara. Nikasikia kelele, nikadhani ni ugomvi. Kumbe mvuvi alikuwa amezama, na mwili ulikuwa ndio umetolewa majini. Kabla sijawazuia, wageni wawili walikuwa wameshainua kamera. Mama wa marehemu alikuwa ameketi mchangani, kitenge kimemteleza begani. Alinitazama mimi, si wao.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamtajia baba yangu, wa Bugwema.

"Na yeye anajua kazi unayofanya?"

Niliwarudisha wageni kwenye mashua nikiwa siwezi kuinua uso. Meneja alipopata habari akakasirika. "Msiba si wetu," aliniambia. "Ungewapitisha upande mwingine wa kijiji."

Habari zilinitangulia nyumbani. Nilipofika Bugwema Jumapili, baba hakuwepo. Mama akasema amekwenda kule msibani kuomba radhi. Nikamfuata. Nilimkuta amekaa na wazee kwenye matanga, kofia mapajani. Hakunikaripia. Alisema tu, "Huyu ndiye kijana wangu," akainamisha kichwa. Nimeaibika mara nyingi maishani, lakini kumwona mzee wangu akiinama kwa ajili yangu mbele ya watu, hapo nilitamani ardhi inimeze.

Matanga yalipokwisha, wazee wa kijiji wakaniita. "Mkitaka kuja, mje kama wageni wanavyokujaga." Maana yake taarifa itangulie, kina mama wa pale wapike na walipwe, takataka zirudi melini, na picha ipigwe kwa ruhusa.

Meneja alikataa. "Wageni hawa hawakulipa nauli waje kukaa mkekani."

Nahodha ndiye aliyemaliza mjadala. Mabaharia wake, wengi wazaliwa wa ziwa hili, walikuwa wamemwambia hawatashusha mashua pale tena kwa mtindo ule. Meneja akakubali shingo upande.

Sasa nimestaafu, nakaa Bweri. Vijana wanaosomea utalii wanakujaga kuniuliza tulianzaje kushirikisha wanakijiji, wakidhani ilikuwa semina. Nawaeleza kama nilivyoeleza hapa. Yule mama wa marehemu aliwapikia wageni wangu sato kwa miaka mingi, akawa anacheka nao. Mimi pia alinipakulia, tena kwa ukarimu. Ila jina langu hakuwahi kulitaja. Hadi anafariki, aliniita mtoto wa mzee aliyekuja kuomba radhi.