Shujaa Aliyekufa Mara Tatu

Enzi zetu Temeke, shujaa hakuwa na haraka ya kufa. Leo binti yangu anatazama vita kwenye simu huku akiisogeza video mbele, na kabla chai haijapoa keshaniambia nani kabaki hai. Sie tulikaa mkekani nusu siku, kichwa kimebanwa kati ya magoti ya Shangazi Mwanaidi, mafuta ya nazi yakitiririka shingoni, tukisubiri mtu mmoja aanguke kutoka kwenye farasi. Farasi mwenyewe hatukuwahi kumwona.

Shangazi alisuka huku akighani tenzi za vita alizozipata kwa mama yake. Ubeti ukimkolea, alivuta nywele. Mpaka leo nikisikia neno upanga nashika kichwa.

Nakumbuka Jumamosi ile mama alipopelekwa hospitali kujifungua, na hali yake haikuwa nzuri. Hakuna aliyeniambia, ila watu wazima walinyamaza kila nikipita. Shangazi akaniita anisuke. Shujaa akachomwa mkuki, akaanguka. Akachomwa tena, akaanguka upande wa pili. Mara ya tatu nikauliza, "Shangazi, huyu si alishakufa?"

"Tulia, mwanangu. Bado hajafa vizuri."

Akafumua mabutu mawili, akaanza upya. Shujaa alipigana hadi adhuhuri ikapita, hadi baba akatokea uchochoroni na kusema mama mzima, mtoto mzima. Hapo ndipo Shangazi alipomwacha marehemu apumzike. Akajifuta macho, akasingizia moshi wa mkaa. Jiko halikuwa limewashwa.

Miaka ikapita, chuo kikuu tukafundishwa tenzi za kishujaa za Ufaransa ya kale. Humo nako shujaa huanguka ubeti huu, na ubeti unaofuata akaanguka tena, kwa maneno yanayokaribiana. Wataalamu wana maelezo mengi. Mie, kwa ujuaji wangu, nikaandika kwamba mghani hurudia kwa sababu mbele yake kuna mtoto ambaye mama yake hajarudi. Mhadhiri akaweka neno moja kwa wino mwekundu: "Chanzo?" Akanipa C, na nilistahili, sikuwa na tanbihi hata moja.

Vijana wa siku hizi wana chanzo cha kila kitu, wanabonyeza tu. Mie ninacho kimoja, na nimechelewa kukiandika: Shangazi Mwanaidi, mkekani, Temeke. Ahsante, Shangazi, kwa kutomuua upesi.