Volti Zilizopotea Kwenye Kibomba cha Mdogo Wake

Mtaa mzima ulimwita Mama Koili, maana kazi yake kwa miaka ishirini na tatu ilikuwa kusuka upya koili, zile nyaya za ndani, za mota zilizoungua: za pampu, za mashine za kusaga, za feni. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na hasira zake zilikaa karibu. Mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa mama yao, aliendesha mashine ya kunyanyulia mizigo kwenye bohari la saruji. Wazazi walipofariki ni yeye dada aliyemlea, na hata sasa, mtu mzima mwenye mvi na watoto watatu, bado alimgombeza kama mvaa kaptura.

Mdogo mtu huyo alivuta sigara tangu ujana. Mwaka huo daktari alimwonyesha picha ya mapafu yake akamwambia achague moja. Binti yake akamnunulia sigara ya mvuke, ile ya kizamani isiyo na mitambo ndani: bomba la shaba, betri moja, kitufe chini, na juu kikoili kidogo cha kuchemshia maji yake. Aliivuta wiki mbili, kisha akarudi kwenye pakiti. Dada alipombana, alijitetea kwamba kile kitu hakina nguvu, ni sawa na kunyonya mrija kwenye glasi tupu.

Mama Koili alikichukua kwa shari. Umeme ulikuwa kazi yake. Huo usingekuwa udhuru.

Alipima betri iliyojaa: volti nne na nukta mbili. Akabonyeza kitufe na kupima tena juu, kwenye koili: tatu na nukta tatu. Betri yenyewe ikifanya kazi hulegea kidogo, hilo alilijua, lakini si kiasi hicho. Hata ukiondoa huko kulegea, karibu nusu volti ilikuwa inapotelea njiani, ndani ya kibomba kisichozidi urefu wa kiganja.

Akaanza na hesi, ile mikato ya kufungia vipande vya bomba. Zilikuwa nyeusi kwa uchafu na mafuta, akazisugua kwa mswaki na spiriti mpaka zikang'aa. Akapima: tatu na nukta nne. Akapiga msasa laini ncha zinazogusa betri. Mita haikusogea. Akaguna, akaweka kibomba kando, akasuka mota ya pampu ya watu huku jicho lake likirudi palepale.

Siku ya tatu alimnasa mwizi wa kwanza. Chini ya kitufe palikuwa na springi nyembamba ya chuma, na umeme wote ulipita humo. Ukikibonyeza mara tatu mfululizo, springi inaunguza kidole. Alikata kipande cha waya mnene wa shaba, akakifanya njia ya umeme, springi akaiachia kazi ya kurudisha kitufe tu. Mvuke ukaongezeka. Jioni ile mdogo wake alipita, akavuta mara mbili, akasema afadhali, kisha akatoka nje na kuwasha sigara mlangoni pa dada yake.

"Umesema afadhali," dada alimwambia.

"Afadhali si sawasawa, dada."

Alimwambia pia kwamba kuna jamaa kazini anajua dawa yake: wanafupisha waya wa koili, moto unakuwa mkali mara moja. Hapo Mama Koili alimfokea kwelikweli. Koili fupi huvuta umeme kuliko betri inavyoweza kutoa, na betri ya namna ile ikizidiwa hupasuka, tena mdomoni mwa mtu. Njia ni kuacha kupoteza, si kulazimisha.

Ilibaki pini ya katikati, ile inayobeba umeme kutoka betri hadi koili. Ilikuwa ya chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu tu. Alimwendea fundi wa kukereza vyuma, akamwomba amchongee nyingine ya shaba tupu. Ya kwanza ilikuja fupi, haikugusa. Ya pili ikawa nene, ikakwama. Fundi alimcheka kwamba kwa kitu cha ukubwa wa kiberiti anahangaika kama anayeunda meli; Mama Koili hakucheka naye. Ya tatu ikaingia. Alipobonyeza, mita ikasoma tatu na nukta nane. Alirudia mara nne, kwa sababu hakuamini.

Mdogo wake alikivuta, akakohoa, akafuta machozi. Akakiri kwamba sasa ndicho chenyewe.

Baada ya wiki mbili Mama Koili alikwenda boharini saa za mapumziko kumpelekea kikasha cha plastiki cha kuwekea betri ya akiba, asije akaichanganya na funguo mfukoni. Alimkuta ukutani na wapakiaji, wameketi juu ya mbao, sigara mkononi. Kijana wa umri wa mwanawe alikuwa amemwashia.

Alimwita pembeni.

"Kimeharibika tena?"

"Hakijaharibika. Nyumbani ndicho ninachovuta, muulize wifi yako." Aliitazama sigara yake. "Hapa tunapokezana moto, dada. Nikitoa kile kibomba nasimama peke yangu kama mgonjwa."

"Wewe ni mgonjwa."

Mdogo wake alisema tu kwamba zamani alimaliza pakiti kwa siku, siku hizi hazizidi tano, kana kwamba anadai shukrani. Mama Koili alimkabidhi kikasha na kuondoka bila kuaga. Wiki tatu amehangaika na springi, hesi na pini, na mtu mwenyewe alijua tangu awali kwamba volti hazikuwa shida yake, wala hakufungua kinywa.

Jioni wifi yake alimpigia simu kumshukuru: mapazia hayanuki moshi tena, na mzee analala bila kukohoa. Mama Koili aliitikia haya, akamwambia awasalimie watoto, akakata. Akavuta mota iliyokuwa mbele yake, akaanza kung'oa waya ulioungua, kwa nguvu kuliko kazi ilivyohitaji. Zile sigara tano, zisizo na waya wa kutengeneza, zilimkera kuliko pakiti nzima.