Sikio la Ng'ombe wa Mzee Gidamis

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliyocheka mahali pasipo kicheko. Nikikuona unashona twiga wako wa ngozi na kuwapiga picha kwa simu, siku ile inanirudia.

Miaka ile biashara za watu binafsi zilikuwa zimeanza kuruhusiwa, na Arusha kulikuwa na karakana ya mikoba ya bei kubwa. Binamu yangu alikuwa akifagia pale. Vipande vya ngozi vilivyobaki alinitumia kwa basi, laini kama shavu la mtoto. Hapa kijijini Gendabi nikavishona kuwa tembo na ng'ombe, nikawauza stendi ya Haydom kwa wageni wa hospitali.

Tembo walinikubali. Ng'ombe, lo! Walifanana na mbwa. Nikatafuta cha kuwapamba.

Zizini kwetu alikuwepo ng'ombe wa Mzee Gidamis, jirani yetu mfugaji. Alitukabidhi tumtunze na kunywa maziwa yake, maana dada yako Paskalina alikuwa mdogo na mama yenu alikuwa mgonjwa. Sikio la ng'ombe yule lilikuwa na mkato wa ukoo wa mzee. Nikaupenda, nikawakata sikio hivyohivyo wale wangu wa ngozi.

Mzee akamkuta mmoja akiuzwa stendi. Akaja naye, akamweka miguuni pangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani amekutuma uuze ng'ombe wangu?"

"Huyu? Mbona hali hata majani, mzee!" Nikacheka sana.

Yeye hakucheka. Kwao mkato ule ndio jina la ukoo, na ndugu zake walikuwa wameshamuuliza tangu lini analiuza stendi. Akamwokota yule wa ngozi, akamfungua ng'ombe wake, akaondoka nao. Mama yako akabaki na kibuyu kitupu mkononi.

"Mfuate, baba Paskalina. Mwombe radhi sasa hivi."

Sikumfuata. Mimi niliyesoma sekondari niombe radhi kwa ajili ya kipande cha ngozi? Mvua zikanyesha hadi zikaisha, Paskalina akinywa uji mtupu, amekonda macho yamemtoka. Hilo bado linaniuma, mwanangu.

Nilipokwenda hatimaye, mzee hakunipa nafasi hata ya kumaliza maneno.

"Ulikuwa wapi siku zote? Kila jioni nabakiza maziwa ya mtoto, nasema leo atakuja."

Ng'ombe wangu wa ngozi alikuwa ananing'inia juu ya kitanda chake.

"Huyu simrudishi," akasema. "Sura ni ya mbwa, lakini sikio ni langu."

Tukacheka wote wawili. Jioni hiyo nilirudi nyumbani nikimswaga yule ng'ombe wa maziwa.

Basi shona, mwanangu, mikono yako ni mizuri kuliko yangu. Ila ukiona alama nzuri, uliza kwanza ni ya nani. Na ukimuumiza mtu, nenda kwake siku hiyohiyo. Pengine anakungoja, na nyumbani kwako kuna mtoto anayelipia kiburi chako. Mungu akupe vidole vyepesi na miguu isiyoona aibu kurudi kwa jirani.